Akili bandia mahakamani: Nani hubeba mzigo wa kosa?

Katika barabara ya Rye Lane, mtaani Peckham, kusini mashariki mwa London, muhogo, ndizi za kupika na samaki wakavu huuzwa hatua chache kutoka saluni za kusuka nywele na maduka ya kutuma fedha Afrika. Wengi wa Waafrika wa mtaa huo wana asili ya Nigeria, lakini wapo pia waliotoka pembe nyingine za bara hilo.

Hapo hapo Peckham kipo kituo cha msaada wa sheria, Southwark Law Centre, kinachowashauri wakazi wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Masuala yanayoletwa ni yale ya kila siku katika maisha ya mhamiaji na maskini: nyumba, uhamiaji, ajira na posho za serikali.

Siku hizi, hata hivyo, mtu aliyepokea barua ya kufukuzwa nyumbani ana mshauri mwingine kabla ya kufika kituoni. Yumo ndani ya simu yake. Huulizwa swali usiku wa manane, hujibu papo hapo, hatoi ankara, na lugha yake ni fasaha kama ya wakili mzoefu.

Mshauri huyo ni akili bandia, ambayo wengine huiita akili mnemba au akili unde. Mawakili wenyewe nao wameanza kuitumia. Swali linalowakabili majaji wa London, na ambalo halitakawia kuwakabili wenzao wa Afrika Mashariki, ni hili: jibu lake likiwa la uongo, nani atabeba mzigo?

Kesi tano zisizokuwepo

Mwaka 2025 mahakama ilitoa jibu katika shauri lililotoka ng'ambo ya pili ya jiji, Haringey, kaskazini mwa London.

Bwana mmoja asiye na makazi aliishtaki halmashauri ya Haringey akitaka impatie malazi ya muda wakati uamuzi wa kumnyima msaada ukipitiwa upya. Aliwakilishwa na kituo cha msaada wa sheria cha eneo hilo, nacho kikamkabidhi kazi ya kuandika hoja wakili wa kusimama mahakamani ambaye bado alikuwa mchanga katika taaluma hiyo.

Katika hoja hizo zilitajwa kesi tano ambazo hazikuwahi kuwepo. Mawakili wa halmashauri walizitafuta wasizione. Walipouliza, walijibiwa kwamba hayo yalikuwa makosa madogo ya nukuu. Jaji Ritchie hakuridhika na maelezo hayo. Aliamuru wakili huyo na kituo hicho kila mmoja ailipe halmashauri pauni 2,000.

Wakili alikana kutumia akili bandia. Suala lilipofika mbele ya Dame Victoria Sharp, mkuu wa kitengo cha King's Bench cha Mahakama Kuu, aliyeketi pamoja na Jaji Johnson, hukumu ya tarehe 6 Juni 2025 ilisema kuna maelezo mawili tu yanayowezekana. Ama wakili alizitia kesi hizo kwa makusudi, ama aliitumia akili bandia na kukana kwake si kweli.

Majaji walisema kiwango cha kuanzisha shauri la kudharau mahakama kilikuwa kimefikiwa, ingawa waliamua kutofanya hivyo. Badala yake walilipeleka jambo hilo kwenye vyombo vinavyosimamia maadili ya mawakili.

Siku hiyo hiyo majaji hao walitoa uamuzi kuhusu shauri jingine, la madai ya karibu pauni milioni 90 dhidi ya Benki ya Taifa ya Qatar. Kati ya kesi 45 zilizotajwa, 18 hazikuwepo kabisa. Hapo utafiti ulifanywa na mteja mwenyewe kwa kutumia programu za akili bandia, na wakili wake akaupokea bila kuuhakiki. Kwa kawaida mteja ndiye humtegemea wakili. Safari hii wakili alimtegemea mteja, na mteja akaitegemea mashine.

Mahakama ilikumbusha kuwa adhabu zipo, kuanzia onyo la hadharani na malipo ya gharama hadi kudharau mahakama. Kwa kosa kubwa kabisa, la kupotosha mwendo wa haki kwa makusudi, kifungo kinaweza kufika cha maisha.

Kwa nini mashine hubuni?

Programu hizi hazina rafu ya vitabu vya sheria ambayo huiendea na kutoa ukurasa. Zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kukadiria neno gani linafaa kufuata lililotangulia. Zimejifunza sura ya hukumu: jina la mdai, neno "dhidi ya", jina la halmashauri, mwaka ndani ya mabano, kifupi cha mahakama. Kuunda nukuu yenye sura hiyo ni rahisi kwake kama kuunda sentensi nyingine yoyote. Kujua kama kesi iliwahi kusikilizwa ni jambo tofauti kabisa.

Hatari huongezeka kwa sababu uongo huo haukwami ulimi. Mtu anayedanganya huweza kusita au kujipinga. Mashine hutamka lililo kweli na lisilo kweli kwa sauti ile ile.

Kuiuliza kama inasema kweli si dawa. Mwaka 2023 mjini New York, katika kesi ya abiria aliyelishtaki shirika la ndege la Avianca, wakili aliiuliza programu ya ChatGPT iwapo kesi ilizompa zilikuwa za kweli. Ikamhakikishia kuwa ndiyo. Jaji Kevin Castel aliwatoza mawakili wa upande huo na kampuni yao faini ya dola 5,000.

Wapo wanaosema jawabu ni kutumia programu maalumu zilizounganishwa na maktaba za sheria. Zina nafuu, lakini hazijaponya ugonjwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliozipima baadhi ya programu hizo za kulipia mwaka 2024 walikuta kuwa zilibuni mambo katika kati ya asilimia 17 na 33 ya maswali.

Kesi ya kweli, sheria iliyokufa

Kesi ya kubuni angalau inaweza kunaswa: mtu akiitafuta, haipo. Hatari iliyojificha zaidi ni kesi ya kweli ambayo nguvu yake imekwisha. Mfano mzuri umo Southwark kwenyewe, manispaa ambayo Peckham ni sehemu yake.

Kwa mujibu wa sheria ya makazi ya England ya mwaka 1996, mtu asiye na mahali pa kuishi hupewa kipaumbele iwapo, miongoni mwa mambo mengine, yu dhaifu kutokana na maradhi, uzee au sababu nyingine. Lakini dhaifu kuliko nani?

Kwa miaka mingi jibu lilitoka katika kesi ya Pereira, iliyoamuliwa mwaka 1998, ambamo mwombaji alilinganishwa na mtu wa kawaida asiye na makazi. Halmashauri zikawa zinasema kuwa walalao nje wengi ni wagonjwa na wenye msongo, kwa hiyo mgonjwa mmoja zaidi hana upekee.

Mwezi Mei 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Hotak dhidi ya Southwark iliyosikilizwa pamoja na nyingine mbili, iliuacha mtazamo huo. Ilisema mwombaji alinganishwe na mtu wa kawaida endapo mtu huyo angekosa makazi. Tofauti ya maneno ni ndogo, lakini kwa mgonjwa aliyekaa katika ofisi ya halmashauri akisubiri kuitwa, ni tofauti ya kupata chumba au kulala nje.

Maandishi yanayoieleza kesi ya Pereira kama sheria inayotumika yamekuwepo kwa miaka 17 kabla ya uamuzi huo, na hayajafutika. Programu iliyoyasoma yote inaweza kuurudisha mtazamo uliozikwa bila kumwonya msomaji. Nukuu itahakikiwa, itaonekana ni ya kweli, na bado itamwangusha mteja.

Mipaka ya nchi nayo huleta mtego wa aina hiyo. Scotland ina sheria zake, na tangu mwisho wa mwaka 2012 imefuta kigezo cha kipaumbele katika haki ya kupatiwa makazi. Mkazi wa Peckham akiuliza haki zake "Uingereza" na kupewa sheria ya Scotland, ataingia katika ofisi ya halmashauri akidai kitu ambacho sheria ya England haimpi.

Na sheria hubadilika. Sheria ya Haki za Wapangaji ya mwaka 2025 iliweka tarehe 1 Mei 2026 kuwa mwisho wa utaratibu uliomruhusu mwenye nyumba nchini England kumtoa mpangaji bila kutaja sababu. Programu iliyofunzwa kwa maandishi ya kabla ya hapo haiwezi kuyajua mageuzi hayo isipokuwa ikapewa habari mpya.

Saa mbili usiku

Kwa Waafrika Mashariki ipo hatari nyingine, ile ya lugha. Katika maombi ya hifadhi, mara nyingi ushahidi mkuu ni maneno ya mwombaji mwenyewe. Maelezo yake hulinganishwa, ya leo na ya mwaka jana, na hitilafu inaweza kutumiwa kusema kuwa si mkweli.

Mswahili akieleza kwamba wanaume walivunja mlango saa mbili usiku, anamaanisha saa mbili baada ya jua kuchwa, ambayo kwa Mwingereza ni saa nane za jioni. Tafsiri ya neno kwa neno humpeleka hakimu hadi saa nane za usiku wa manane kwa hesabu ya Kiswahili, tofauti ya saa sita nzima. Katika mahojiano mengine, kwa mkalimani mwingine, saa itatajwa kwa usahihi. Tayari kuna maelezo mawili yanayopingana, na mwombaji hakubadilisha hata neno moja.

Neno "yeye" halisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinalazimisha kuchagua, na mashine huchagua. "Mama mdogo" anaweza kugeuzwa kuwa mama mwenye umri mdogo. "Ndugu" anaweza kuwa kaka wa tumbo moja, binamu, au mtu wa kijiji kimoja. Mkalimani aliyelelewa katika lugha hiyo angeuliza. Mashine huendelea.

Upande wa serikali nao unaijaribu teknolojia hii. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza ilifanya majaribio ya programu inayofupisha mahojiano ya waomba hifadhi. Tathmini ya wizara yenyewe, iliyochapishwa mwaka 2025, ilionyesha kuwa programu iliokoa wastani wa dakika 23 kwa kila faili, lakini asilimia 9 ya mihtasari ilikuwa na makosa au ilikosa rejea. Kwa hiyo huenda siku moja hoja iliyoandikwa kwa mashine ikajibiwa kwa muhtasari ulioandikwa kwa mashine, huku mtu ambaye maisha yake yanaamuliwa akiwa pembeni.

Siri ya mteja

Mteja humweleza wakili mambo ambayo pengine hakumwambia mtu mwingine: ubakaji, maradhi, uanachama wa chama kilichopigwa marufuku, ndugu waliobaki nyumbani. Sheria huilinda siri hiyo.

Maelezo hayo yakibandikwa katika programu ya bure iliyo wazi kwa umma, ulinzi huo unatikisika. Mwongozo waliopewa majaji wa England na Wales mwezi Desemba 2023 uliwataka wachukulie kwamba chochote wanachokiingiza katika programu ya namna hiyo kimetangazwa kwa ulimwengu mzima. Kama jaji anaonywa hivyo, wakili wa mkimbizi ana sababu kubwa zaidi ya kujihadhari.

Kwa nini bado inatumiwa?

Itakuwa si haki kuwalaumu wanaoitumia bila kutazama kilichowasukuma. Mageuzi yaliyoanza kutekelezwa mwezi Aprili 2013 yaliondoa sehemu kubwa ya masuala ya uhamiaji, posho na ajira katika mpango wa serikali wa kuwalipia maskini mawakili nchini England na Wales. Mahitaji hayakupungua. Waliopungua ni watu wa kuyatimiza.

Wakati huo huo saa inakwenda. Anayekataliwa hifadhi akiwa ndani ya Uingereza kwa kawaida ana siku 14 za kukata rufaa. Anayepinga uamuzi wa halmashauri kuhusu makazi ana siku 21 za kuomba upitiwe upya. Aliyepiga simu vituo vitatu na kukuta vyote vimejaa ataiuliza simu.

Nayo simu si kwamba haina faida. Inaweza kumfafanulia mtu barua ya kurasa sita iliyoandikwa kwa Kiingereza cha kiofisi, kumsaidia kupanga matukio kwa mfuatano wa tarehe, au kumwandalia maswali ya kumuuliza wakili. Katika kazi hizo kosa hugundulika kwa urahisi, kwa sababu mwenye kisa anakijua kisa chake.

Wasimamizi wameanza kuchora mpaka. Mwezi Mei 2025 mamlaka inayosimamia mawakili wa ofisini nchini England na Wales iliidhinisha kampuni ya kwanza inayotoa huduma za sheria kwa kutegemea akili bandia, Garfield.Law, ambayo hushughulikia madeni madogo. Sharti moja linaeleza mengi: mfumo huo hauruhusiwi kupendekeza kesi za kurejelewa.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Tanzania, Kenya na Uganda zilirithi utaratibu wa sheria wa Kiingereza, na hukumu za London bado hunukuliwa katika mahakama za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kama hoja za kushawishi. Kesi ya kubuni yenye jina la Kiingereza inaweza kusafiri kwa urahisi.

Afrika imekwisha kuonja. Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg, Afrika Kusini, katika shauri la mwanasiasa mmoja wa jimbo la KwaZulu-Natal, ilikuta kuwa kati ya kesi tisa zilizotajwa ni mbili tu zilizoweza kupatikana. Mawakili waliohusika walipelekwa kwenye baraza la taaluma yao.

Tanzania ina jambo lake la ziada. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini sehemu kubwa ya hukumu za miaka iliyopita imeandikwa kwa Kiingereza. Kishawishi cha kuiachia mashine kazi ya kutafsiri ni kikubwa. Na maandishi ya sheria ya Kiswahili yakiwa machache mtandaoni, mashine ina machache ya kujifunzia.

Dawa iliyo karibu ni ya kizamani na haina gharama kubwa. Hukumu za Kenya husomwa bure katika tovuti ya Kenya Law, za Tanzania katika TanzLII, za Uganda katika ULII, na za England na Wales katika tovuti ya hifadhi ya nyaraka ya taifa. Kesi isiyoonekana humo inastahili kushukiwa. Inayoonekana inastahili kusomwa yote, kisha kuulizwa kama kuna hukumu ya baadaye iliyoitengua.

Kwa asiye wakili, kanuni ni fupi zaidi. Tarehe ya mwisho ithibitishwe na mtu. Jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya faili visiingizwe katika programu ya bure. Hati iliyoandikwa kwa msaada wa mashine ioneshwe kwa wakili au mshauri, naye aambiwe wazi ilivyoandikwa. Nchini Uingereza ni kosa la jinai kwa asiyesajiliwa kutoa ushauri wa uhamiaji, na anayetoza pesa kwa kunakili majibu ya programu hapati kinga kwa sababu hiyo.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa mashine, mzigo wa mteja hauna hata uzito wa usufi. Haifukuzwi nyumba, hairudishwi ilikokimbia, haisimami mbele ya jaji kuulizwa kesi hii umeitoa wapi. Wakili husimama, na nyuma yake yupo mteja. Ndiyo maana mahakama ya London, ilipotoa uamuzi wake, haikuiita mashine kujieleza. Iliwaita mawakili.